Pampu Yangu Katika Stoo ya Blanchard

Nimechoka, ndugu wasomaji. Nalisema hilo mwanzoni kabisa ili asije mtu kunidai kicheko wiki hii.

Aliyekosa gazeti la wiki jana ajue hivi. Jina langu ni Anaclet, mwalimu mstaafu, mkaazi wa Nkafu hapa Bukavu, nyumba ya juu kabisa kwenye mteremko. Mke wangu Colombe aliteleza kwenye ngazi za udongo akiwa na bidoni ya maji mgongoni, akavunjika nyonga. Daktari amemkataza kubeba kitu kizito kuliko sahani. Binti yetu Ghislaine, aliyeolewa Lwiro, alikuja, akaona, akatoa hukumu bila hata kukaa: Jumamosi anarudi na gari. Akikuta maji yamefika nyumbani, mama yake anabaki. Asipoyakuta, anamchukua moja kwa moja akaishi naye Lwiro, ambako maji yanashuka yenyewe kutoka mlimani.

Mimi sikualikwa Lwiro. Nami sikuuliza.

Miaka thelathini na minane nimelala pembeni ya mwanamke huyu. Nikilala peke yangu sitajua hata blanketi linaanzia wapi.

Tangi nilikuwa nalo tayari, jeusi, la plastiki, la lita elfu moja, limekaa juu ya nguzo nyuma ya jiko. Hodhi pia nilikuwa nalo, lile la mawe alilojenga marehemu baba chini kabisa ya kiwanja chetu, karibu na barabara. Bomba la mtaa linapita huko, na maji yake hayana nguvu ya kupanda kilima. Kati ya hodhi na tangi kuna ngazi tisini na tatu. Nilichokosa ni pampu.

Jumatatu asubuhi nikashuka Nyawera, kwenye duka la vyuma la Mama Rahima. Huyu ni mtoto wa wafanyabiashara wa Uvira, mwanamke wa kilemba na miwani, aliyezaliwa kati ya misumari na mabomba. Nilizikuta pampu zimepangwa sakafuni. Nikaanza kuziinua moja moja nione ipi nzito.

"Mzee wangu, unainua kama unanunua mbuzi," akaniambia.

"Nzito ndiyo yenye shaba nyingi ndani, mama. Kila mtu anajua."

"Kila mtu huyo hajawahi kunirudishia pampu? Niambie kwanza. Maji yako wapi, na yanakwenda wapi?"

"Yako kwenye hodhi, chini. Yanapanda mpaka kwenye tangi. Mita kumi na sita za kilima, na nguzo mita moja."

"Umeme wako ukoje?"

"Upo."

"Upo namna gani? Ukiwasha pasi, taa inabaki nyeupe?"

"Inakuwa nyekundu kidogo."

Akaandika kitu kwenye karatasi. Kisha akauliza swali ambalo hata sasa nikilikumbuka natamani kurudi nyuma nikalijibu kama mtu mzima.

"Na pampu yenyewe itakaa wapi?"

"Chini, karibu na hodhi," nikasema.

Huo ulikuwa uongo. Pampu nilikuwa nimeshaiwekea nafasi kwenye kolido ya nyumba yangu, kati ya kabati na mlango wa chumba cha kulala. Nkafu yote tunafanya hivyo. Pampu inakaa ndani na watu, na wengine giza likiingia wanaisukuma chini ya kitanda, kwa sababu pampu inayolala nje haiamki pale ulipoiacha. Nilijua Mama Rahima atanipa somo, na mimi mwalimu mzima sikutaka kufundishwa mbele ya wateja.

Akanisogezea kitu kidogo, kama sufuria ya ugali wa watu wawili.

"Hii. Nguvu ya nusu farasi. Haili umeme mwingi, na inapandisha mpaka mita thelathini. Ikikaa chini kama unavyosema, itakufikishia."

Niliitazama, akilini nikamwona Ghislaine anaicheka. Nikaonyesha ile kubwa ya pembeni, ya farasi mmoja na nusu, ambayo kijana wa duka aliishika kwa mikono miwili na kuguna.

"Nataka ile."

"Ile si ya umeme wa taa nyekundu, mzee wangu."

"Ile, mama."

Akaniuzia. Lakini alitikisa kichwa, na mimi nilimwona.

Jumanne nikamwita Modeste anifungie. Modeste ni fundi wa mabomba, amepanga chumba katikati ya mteremko wetu pamoja na mke wake Valérie. Ni huyo Valérie ambaye, tangu Colombe aanguke, anamletea bidoni moja kila asubuhi bila kuombwa. Modeste mwenyewe ana mikono mizuri ya kazi, lakini tangu mwezi wa saba hakuna mtu wa avenue yetu, mtaa wetu huu mdogo, anayemwita. Sababu nitaifikia. Naomba mnivumilie, hiyo ni sehemu inayoniuma.

Alipoona nimeweka pampu kwenye kolido, akakuna kichwa.

"Papa Ghislaine, hapa haitaenda. Pompe inajua kusukuma. Kuvuta haijue sana. Inapashwa kukaa kule chini kwa citerne, isukume maji ipande."

"Na wezi?"

"Wezi beko, ni kweli."

"Kila mtu hapa Nkafu pampu yake iko ndani ya nyumba, Modeste."

"Ni kweli, papa, mais citerne yao iko pembeni ya nyumba. Ya kwako iko kule kwa barabara. Ni mbali sana kwa kuvuta."

"Funga hapa."

Akanitazama, kisha akapiga goti na kufungua mfuko wake wa spana.

"Weye njo mwenye nyumba. Na tangu mwezi wa saba, ni weye wa kwanza kuniita. Siwezi kubishana na weye."

Mnaelewa? Mtu alijua ukweli, akaniambia ukweli, kisha akanyamaza kwa sababu anahitaji kazi. Nami nikaona nimeshinda.

Tukawasha. Taa zote za nyumba zikawa nyekundu kama tomate. Pampu ikanguruma, mabati yakatetemeka, na kwenye tangi halikudondoka hata tone. Dakika tano. Dakika kumi. Modeste akasema tuzime. Nikasema tuipe muda. Harufu ya mpira ulioungua ikaanza kutoka.

Colombe akaita kutoka kwenye kiti chake.

"Anaclet, hiyo kintu inalia. Inalia juu ya nini?"

"Inazoea nyumba," nikamjibu.

"Mm," akasema. Nyinyi wenye wake wa miaka mingi mnaijua hiyo "mm".

Jumatano nikarudi Nyawera na pampu juu ya mkokoteni, nikitaka nipewe kubwa zaidi. Mama Rahima aliisogeza kwenye mwanga. Aliinama, akainusa.

"Umeiwasha kavu."

"Haikuvuta, mama. Haina nguvu."

"Ilikaa wapi?"

Nikatazama misumari.

"Mzee wangu, ilikaa wapi?"

"Kwenye kolido."

"Kolido ya juu? Mita kumi na sita juu ya maji?"

"Ndiyo."

Akavua miwani, akaifuta polepole na kilemba chake. Hakukasirika. Ingekuwa afadhali akasirike.

"Hakuna pampu ya aina hii inayovuta maji kutoka mita kumi na sita chini yake. Hata ingekuwa kubwa kama nyumba yako. Mita saba, nane, basi, inashindwa. Lakini ukiiweka chini ikasukuma, hata ile ndogo uliyoidharau inafika."

"Na ile ya kuzamisha ndani ya maji? Mwizi hataiona."

"Ni nzuri. Nayo inataka umeme. Huko chini una umeme?"

"Sina. Na nikishusha waya kutoka nyumbani utaibwa kabla ya pampu."

"Jirani yako wa chini anao?"

"Anao. Wake unatoka barabarani, ni mzuri. Ana friji mbili."

"Basi huna shida ya pampu, mzee wangu. Una shida ya jirani."

Akarudisha miwani machoni. Tulivyoelewana juu ya ile iliyoungua ni siri yangu na yake, ila saa ya mkono niliyopewa siku ya kustaafu haiko nami tena. Nikapanda Nkafu na ile ndogo kwenye kikapu. Njia nzima nilisimama mara kwa mara, si kwa sababu ya uzito wake.

Sasa nifike pale panaponiuma.

Jirani wa chini anaitwa Blanchard. Ukuta wa stoo yake umegusana na hodhi langu. Mwaka jana alikuwa na mahali pa kuoshea pikipiki hapo kando ya barabara, kazi nzuri yenye wateja. Lakini kiangazi kilipokuja, mabomba ya avenue nzima yalikauka isipokuwa ya kwake. Alikuwa amefunga pampu moja kwa moja kwenye bomba la mtaa, inavuta maji yote kabla hayajatufikia sisi. Hata hodhi langu likabaki na matope. Colombe alikuwa anashuka alfajiri kutafuta maji kwa watu wengine.

Mwezi wa saba nikaandika barua kwa wenye maji, watu wa shirika la bomba. Kifaransa safi, bila kosa hata moja. Bila jina.

Wakaja. Wakakata bomba lake, wakachukua pampu, kazi ya kuosha pikipiki ikafa siku hiyo hiyo. Blanchard akajiuliza nani amemchongea. Ni nani aliyejua ile pampu imefungwa wapi? Aliyeifunga. Na aliyeifunga ni Modeste.

Akapita nyumba kwa nyumba akisema fundi Modeste anakufungia mchana na kukushitaki jioni. Watu wakaamini. Nani ataita fundi wa namna hiyo nyumbani kwake?

Nami nilikuwepo. Nilisikia. Nilitikisa kichwa kama wengine, nikasema "dunia imeharibika". Nilidhani maneno yatapoa kwa wiki mbili. Hayakupoa. Halafu Colombe akaanguka, na Valérie, mke wa Modeste, akaanza kutuletea maji, na kila asubuhi nikimfungulia mlango nilikuwa nasema leo nitasema. Sikusema.

Colombe hakujua. Ghislaine hakujua. Mpaka hapo tuliojua tulikuwa mimi na ile barua tu.

Alhamisi nikashuka kwa Blanchard. Nilimkuta amekaa mlangoni anamenya viazi. Akainuka, akanipa kiti chake mwenyewe.

"Karibu, papa mwalimu! Mama anaendelea aje?"

Nikamweleza yote ya nyonga, ya Ghislaine, ya Jumamosi. Nikamwomba pampu ikae ndani ya stoo yake na inywe umeme wake, nami nitachangia kila mwezi. Alinisikiliza mpaka mwisho. Macho yake yalilowa, wasomaji. Nilitamani yasingelowa.

"Papa, hiyo si ya kuomba. Mama Ghislaine alinipikiaka sombe wakati bibi yangu alizala. Leta pompe. Nitaifunga na cadenas mbili, kufuli za nguvu, mwizi atanipitia miye kwanza."

"Asante, mwanangu."

"Mais miye pia niko na neno moja."

"Sema."

"Samedi asubui, Mama Adolphine, chef wetu, mukubwa wa avenue, anaita batu. Ninataka Modeste atoke mu hii avenue. Mwenye ile nyumba amesema, kama avenue yote inakubali, anamutoa. Batu banakusikia, weye ni muzee na ni mwalimu. Ninataka useme neno moja tu: ni yeye alinishitaki."

"Hao watu wakutane wapi?"

"Kwako kule yulu. Mama asikose, hawezi kushuka."

Hapo ndipo palikuwa mahali pa kusema. Viazi vilikuwa kwenye ndoo, mlango ulikuwa wazi, tulikuwa wawili tu. Nikamwona Colombe anapanda gari la Lwiro na mto wake kwapani.

"Nitasema," nikajibu.

Ijumaa tukafunga. Sijawahi kuona kazi kama ile. Modeste hakuruhusiwa kukanyaga kwa Blanchard, kwa hiyo alisimama upande wetu, juu ya hodhi, na mimi nikawa ndani ya stoo na spana mkononi. Blanchard alisimama juu ya kichwa changu na tochi. Ukuta ulikuwa katikati yao.

"Papa Ghislaine!" Modeste akapaza sauti. "Tuyau ya kuvuta iko mbele, ya kusukuma iko yulu. Usigeuze!"

"Mwambie huyo mutu wako tunaona," akasema Blanchard.

"Anasema tunaona," nikapaza.

"Ufunge na filasse, uzungushe mara kumi, ndipo uweke rangi!"

Nikazungusha zile nyuzi. Mikono ya chaki haijui spana. Blanchard akanipokonya, akakaza mwenyewe.

"Sasa usiwashe!" ikapita sauti juu ya ukuta. "Ufungue kile kizibo cha yulu, umwage maji ndani mupaka ijae. Ikianza kavu, inakufa sawa ile ingine!"

Nikatafuta maji. Blanchard alikuwa ameshatoka, akarudi na jagi la jikoni kwake, akamimina polepole mpaka yakafurika kwenye vidole vyake.

"Imejaa," akasema.

"Anasema imejaa!"

"Afunge kizibo, awashe!"

Nakuapieni, kwa dakika ile walikuwa wanaongea. Nilitamani nijiondoe katikati, wamalizane wenyewe. Blanchard akabonyeza. Ile sufuria ndogo ikatoa sauti nyembamba, ya adabu. Bomba likakakamaa mkononi mwangu. Kisha nikasikia Modeste anakimbia ngazi, anapiga kelele akipanda.

"Nyamuzinda wangu, Mungu wangu! Inapanda! Mama Ghislaine, inapanda!"

Nilipofika juu nikihema, Colombe alikuwa amesimama kando ya tangi kwa magongo yake. Sikio lake liko kwenye plastiki. Ndani maji yalikuwa yanaanguka. Alicheka kwa sauti, kitu ambacho sijakisikia tangu aanguke, kisha akalia kidogo, kisha akaniambia nifungue bomba la jikoni. Aliosha kikombe kimoja mara tatu.

"Nilishaanza kufunga nguo zangu," akasema. "Sikutaka kukuambia."

Robo saa baadaye umeme ukakatika mjini. Tangi lilikuwa na maji kidogo chini, si haba. Modeste akakusanya spana zake. Nilipotaka kumlipa akanishika mkono.

"Hapana, papa. Kesho watakuya kunihukumu hapa kwako. Valérie hajalala tangu batuambie mardi. Weye njo utanisemea, eh? Weye unanijua. Batu banakusikia."

Maneno yale yale. Watu wananisikia.

"Lala salama, Modeste," nikamjibu. 

Jumamosi asubuhi umeme ukarudi. Blanchard mwenyewe akawasha kule chini kabla ya kupanda, kwa hiyo watu walipokaa uani kwangu maji yalikuwa yanaingia juu ya vichwa vyetu, na kila mmoja aliyefika alisema proficiat, hongera. Mama Adolphine, chefu wa avenue, alikaa kwenye kiti cha mikono. Modeste na Valérie walikaa kwenye benchi, wamevaa nguo za kanisani. Katikati ya salamu tukasikia gari linazima barabarani, na Ghislaine akapanda zile ngazi, akasimama mlangoni akisikiliza tangi.

"Papa, ni maji hiyo?"

"Ni maji," akajibu Colombe kabla yangu. "Ukae, binti yangu. Niko nabaki."

Ghislaine akanikumbatia. Sikumbuki mara ya mwisho aliponikumbatia.

Mama Adolphine akapiga makofi mawili.

"Tumekutana juu ya neno la Blanchard na Modeste. Blanchard amesema yake, tunayajua. Modeste amekana. Anasema hajaandika barua yoyote. Sasa Blanchard anaomba tumusikilize muzee wetu. Papa Ghislaine, weye unaishi hapa kuliko sisi wote. Ni Modeste aliandika, ao hapana?"

Blanchard alinitikisia kichwa, kama mtu anayemtia moyo mwanafunzi. Modeste alikuwa ameshika magoti yake kwa mikono miwili. Juu yetu maji yalikuwa yanaingia, yanaingia.

Nilikuwa nimetayarisha sentensi. Usiku kucha niliitengeneza, sentensi ya mwalimu, isiyosema ndiyo wala hapana. Nikafungua kinywa kuitoa, na hapo Valérie akainuka, akachukua kikombe, akamwekea Colombe maji karibu na mkono ili asiinuke. Aliweka tu, akarudi kukaa. Yule mwanamke anaweza kufukuzwa nyumbani leo, na bado anamtazama mke wangu kama ana kiu.

"Si Modeste," nikasema. "Ile barua niliiandika mimi."

Hakuna aliyepiga kelele. Nilidhani watapiga.

"Weye?" Mama Adolphine akauliza.

"Mimi. Maji yalikuwa yamekauka, nilikuwa na hasira, nikaandika. Halafu nikanyamaza."

Blanchard akainuka. Alinitazama akitaka nicheke, niseme ni mzaha. Kisha akashuka ngazi. Tulimsikia akizihesabu kwa viatu vyake mpaka chini. Maji juu yetu yakapungua, yakadondoka, yakakoma.

Modeste alikuwa bado ameshika magoti.

"Miezi hii yote, papa? Unafungulia Valérie mulango kila asubui, unakamata ile bidoni, unasema merci?"

"Ndiyo."

"Nilikuambia pompe haiwezi kukaa yulu, ukasema funga, nikafunga. Nilisema huyu ni mutu ananipenda."

Nilisema pardon. Lilitoka dogo sana. Valérie akamshika mume wake mkono, wakaondoka pamoja, na watu wakawafuata mmoja mmoja wakiaga Colombe tu.

Wa mwisho kupanda alikuwa Blanchard. Alikuwa amebeba pampu kifuani, mabomba yake mawili mafupi yanadondosha maji kwenye shati lake. Akaiweka kwenye mlango wangu taratibu, asiivunje.

"Mama Ghislaine, pardon. Kwako sina neno," akasema, akageuka.

Ghislaine alikuwa ameshachukua mkoba wa mama yake. Uso wake ulikuwa umefunga. Colombe hakunitazama. Alinyoosha gongo lake moja, akagonga tangi chini, kati, juu, akisikiliza.

"Iko maji ya siku ngapi mule ndani, Anaclet?"

"Tatu. Tukijibana, nne."

"Muzuri." Akamgeukia binti yake. "Ghislaine, rudisha ile sac. Ukuye mercredi. Ukikuta hiyo pompe ingali hapa kwa mulango, tunaenda."

"Mama, kwa nini ungoje mercredi?"

"Nimesema mercredi."

Akaingia ndani peke yake, gongo kwa gongo. Nilimpa bega langu, akalipita.

Leo ninapoandika ni Jumatatu jioni, na hiyo mercredi ya Colombe ni Jumatano, keshokutwa. Nimeshuka kwa Blanchard mara mbili na pampu kwenye kikapu, nimwombe aipokee tena. Taa inawaka ndani, friji zinanguruma, watoto wake nawasikia wanakula. Nimepiga hodi mpaka vidole vikauma, na hakuna anayeniitikia.